Imelala au inaanguka? Hali ya hewa kwa Kiingereza, kwa wagumu wa Kilimanjaro

Nilibeba mizigo ya wageni mlimani kwa miaka sita kabla ya kupata leseni ya kuongoza. Kila masika, kazi zikipungua, wagumu wanne au watano huja nyumbani kwangu Moshi tukajifunza Kiingereza. Wagumu ndivyo wapagazi tunavyojiita. Hatuanzi na salamu, salamu wanazo tayari. Tunaanza na hali ya hewa, kwa sababu mgeni akifungua zipu ya hema asubuhi swali lake la kwanza ni hilo, na kabla hajalala atauliza hilohilo.

Nina sababu yangu pia. Usiku mmoja tulikuwa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, tunajiandaa kuondoka saa sita kuelekea kileleni. Mwenzangu aliyekuwa amelala na wageni wake kambi ya Crater, juu kabisa, akaniambia kwa redio, "Huku kuna theluji, nyingi." Nikamgeukia mgeni wangu, mama wa makamo aliyefanya mazoezi mwaka mzima kwa ajili ya safari ile, nikamwambia, "It is snowing at the top." Akauliza kama ni nyingi. Nikasema ndiyo. Kumbe alikuwa ameiahidi familia yake kwamba hatapanda theluji ikiwa inaanguka. Akavua viatu, akarudi kwenye begi la kulalia. Kulipokucha anga lilikuwa safi, halina hata wingu. Theluji ilikuwa imelala njiani tangu juzi yake, imeshikana vizuri, na usiku ule haikuanguka hata chembe. Nilichotakiwa kusema ni "There is snow at the top." Nilimweleza ukweli tukiwa tunashuka njia ya Mweka, na namna alivyoniangalia siisahau.

Kwa hiyo haya ninayoandika si mapambo ya lugha. Neno ni lilelile, "snow". Likikaa kama nomino, linasema kitu kipo. Likikaa kama kitenzi, linasema jambo linatokea sasa hivi. Mgeni anaamua avae nini, aende au abaki, kwa tofauti hiyo.

Kwa nini tunakosea

Kiswahili kimegawa kazi. Mvua inanyesha, jua linawaka, upepo unavuma, radi inapiga, ukungu unatanda, theluji inaanguka. Kila nomino ina kitenzi chake, na tangu utotoni hatujamsikia mtu akisema upepo unanyesha. Kiingereza kinambebesha mtu mmoja mizigo miwili: "rain" ni mvua, na "rain" hiyohiyo ni kunyesha. Ndiyo maana kila mwaka yupo mwanafunzi anayeniandikia "The rain is raining." Ametafuta kitenzi cha mvua kama lugha yake ilivyomfundisha, akakuta ni neno lilelile, akaliandika mara mbili. Sema "It is raining" na umemaliza. Ukitaka lazima kuitaja mvua kwanza, kitenzi kibadilike: "The rain is falling."

Hapo wananiuliza: hiyo "it" ni nani? Mimi nawarudisha nyumbani. Asubuhi unasema "kumekucha". Nani amekucha? Hakuna. Ile ku- imekaa mbele kwa sababu kitenzi chetu hakitembei bila kiambishi. Kumekucha, kumepambazuka, kumetulia. "It" ya hali ya hewa ni ku- hiyo. Haimtaji mtu wala kitu, inashika nafasi ya kiima ambayo Kiingereza hakikubali ibaki wazi. Kwa hiyo "Is raining" peke yake ni kosa sawa na kusema "mekucha". Na ukiuliza, "it" inahama tu, haipotei: "Is it raining?" Ukikanusha pia ipo: "It isn't raining."

Kabla ya kufungua mdomo, jiulize swali moja kati ya haya matatu.

Je, kitu kipo? Tumia "there is" na nomino: "There is snow on the path."

Je, jambo linatokea sasa? Tumia "it is" na kitenzi chenye -ing: "It is snowing."

Je, kukoje kwa jumla, siku nzima au mahali pazima? Tumia "it is" na kivumishi, ambacho mara nyingi huishia -y: "It is cloudy."

Usichanganye kichwa cha moja na mkia wa nyingine. "There is raining" imechukua kichwa cha kwanza na mkia wa pili. "It is snow" nayo, ukiwa unaeleza hali ya hewa, haikai.

Neno gani linakubali kuwa kitenzi?

Vitabu vingi vinakupa orodha ndefu ya kukariri. Mimi nimegundua njia fupi, na haijaniangusha sana: angalia kama kitu kinashuka kutoka angani. Kinachoshuka kinakubali "it" na kitenzi. "Rain", "drizzle", "hail", "sleet", "snow", vyote vinashuka, na unasema "It's raining, it's drizzling, it's hailing, it's sleeting, it's snowing." Kinachokaa, kinachoning'inia au kinachopita, yaani jua, upepo, wingu, ukungu, hakikubali. Husemi "It's sunning" wala "It's winding" wala "It's fogging." Hivyo vinakwenda na -y: "It's sunny, it's windy, it's cloudy, it's foggy, it's misty." Ngurumo haishuki lakini imeingia kundi la kwanza: "It's thundering." Huyo mkariri peke yake.

Kwa uandishi, "sun" na "fog" hurudia herufi ya mwisho kabla ya y, "sunny", "foggy". "Ice" huacha e yake, "icy". Mengine yanapokea y tu.

Sasa tupande. Nafundisha kwa kufuata njia ya Machame kwa sababu hali ya hewa inabadilika kwa mpangilio, na mtu akikumbuka mahali anakumbuka neno.

Geti mpaka mwisho wa msitu: mvua

Machame Gate ipo karibu mita 1,800, na kutoka pale unaingia msituni. Hapa maneno ya mvua utayatumia yote.

"Rain" ikiwa nomino haihesabiki. Usiseme "two rains" kwa kuwa imenyesha mara mbili leo. Sema "It rained twice." Wingi wake upo kwa maana moja tu, msimu: "the rains". Masika, Machi mpaka Mei, ni "the long rains", na vuli, Oktoba mpaka Desemba, ni "the short rains". Wageni wengi wameshayasoma majina hayo kabla ya kuja, kwa hiyo yatumie bila wasiwasi. Ukitaka kuhesabu mvua moja iliyopita ikaisha, lipo neno "shower": "We had two showers this morning."

Mvua kubwa si "big rain". Nomino huchukua "heavy": "There was heavy rain." Kitenzi huchukua "heavily" au "hard": "It rained heavily, it rained hard." Hapo pana mtego ninaourudia mpaka wanachoka. "It's raining hard" maana yake inanyesha kwelikweli. "It's hardly raining" maana yake hainyeshi, ni tone hapa tone pale. Mtu anaona "hard", anaona -ly, anafikiri ni kama "heavy" na "heavily". Siyo. Ukimwambia mgeni "It's hardly raining" wakati maji yanamwagika, ataacha koti la mvua ndani ya begi kubwa, na begi kubwa liko kichwani kwa mgumu aliyeshatangulia saa nzima.

Manyunyu ni "drizzle", nomino na kitenzi vilevile: "There's a light drizzle", "It's drizzling." Ikimwagika kama ndoo, "It's pouring." Hilo la mwisho kwa hali ya hewa ni kitenzi, usilitafutie "there is".

Mvua ikiacha, una njia mbili sahihi. Kwa nomino: "The rain has stopped." Kwa kitenzi: "It has stopped raining." Usiseme "It has stopped to rain."

Na tukinyeshewa? Kiswahili kina neno zuri mno hapa, nimenyeshewa, mtu anakuwa kiima na mvua inamtendea. Kiingereza kinaweza, lakini kinadai kihusishi "on" kibaki mkiani: "We were rained on." Ukisema "We were rained" umeacha mguu mmoja njiani. Wageni wenyewe zaidi husema "We got caught in the rain", na wakilowa chapachapa, "We got soaked."

Kuhusu "rainy": inafaa kwa siku au msimu, "a rainy day", "the rainy season". Maji yakiwa yanashuka mbele ya macho yako, sema "It's raining." Kivumishi hapo ni dhaifu.

Shira: ukungu, jua na baridi

Ukitoka msituni, miti inakwisha, na ukungu unapanda kutoka bondeni mchana. "It's foggy" au "There's thick fog", zote sawa. "Mist" ni ukungu mwepesi zaidi. Nimesema "It's fogging" haipo, lakini kitenzi "fog" kipo kwa vioo: "My glasses have fogged up." Wingu nalo lina kitenzi kinachokwenda na "over": "It has clouded over", yaani mawingu yametanda. Yakiondoka, "It has cleared up", na hiyo ndiyo sentensi inayopendwa kuliko zote kambini.

Jua linawaka ni "The sun is shining." Jua kali si "hot sun is there". Sema "The sun is very strong", kisha mkumbushe mgeni mafuta ya kujikinga, maana kule juu jua linaunguza hata kukiwa na baridi.

Baridi ndiyo inayotuumbua. Kwetu baridi ni nomino, kuna baridi, naona baridi, nasikia baridi. Kwa Kiingereza cha hali ya hewa "cold" ni kivumishi. Kwa hiyo "There is cold" haikai, sema "It's cold." "I hear cold" ndiyo usiiguse kabisa, kwa sababu "hear" ni ya masikio tu. Sema "I'm cold" au "I feel cold." Na ukisema "I have a cold" umesema una mafua. Nimemwona mgumu akipewa vidonge na mgeni mwenye huruma, naye alichohitaji ni soksi kavu.

Lava Tower: mvua ya mawe, radi, upepo

Hapa napita haraka, isipokuwa kwa radi.

Mvua ya mawe ni "hail". Kitenzi: "It's hailing." Nomino haihesabiki, punje moja ni "hailstone". Wengi mnalijua neno hili kutoka kwenye barua za kuomba kazi, "I hail from Rombo." Hilo ni neno jingine kabisa lililofanana sura. Asili yake ni salamu ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, iliyomaanisha uzima na afya, na "hail a taxi", kuita teksi, inatoka huko huko. Lile la mvua ya mawe lina ukoo wake.

Radi. Kiingereza kinatenganisha sauti na moto. Sauti ni "thunder", nomino na kitenzi: "I heard thunder", "It thundered all afternoon." Haihesabiki, ngurumo moja ni "a clap of thunder". Moto ni "lightning", na hilo litunze kama nomino tu: "There was lightning", "a flash of lightning". Likipiga, linaomba kitenzi kingine: "Lightning struck the ridge." Usiandike "lightening" yenye e, hiyo ni kupunguza uzito wa kitu au kukifanya kiwe cheupe. Kinachoua ni "lightning". Mkiwa kwenye mgongo wa mlima, ukapiga kelele "Thunder! Thunder!", mgeni atatazama juu kwa mshangao. Sema "Lightning is close. Put your poles down. We are going down now."

Upepo ni "wind". "It's windy", "The wind is blowing." Ukiuwekea sifa unakubali kuhesabika: "a cold wind", "strong winds". Liko na "wind" lingine lenye herufi zilezile, linalotamkwa "waindi", ni kitenzi cha njia inayojipindapinda: "The path winds up the wall." Ukisoma ramani kwa sauti mbele ya wageni, angalia unatamka lipi.

Watu wa pwani wana kusi na kaskazi, na Kiingereza kinaziita "monsoon". Ni nomino tu, haina kitenzi. Nalipenda neno hili kwa sababu limetoka kwenye Kiarabu, mawsim, likapitia kwa Wareno. Neno letu "msimu" limetoka humo humo. Mgeni anaposema "monsoon" anatamka ndugu wa neno lako.

"Storm" ni nomino inayohesabika: "A storm is coming." Kama kitenzi, kwa kawaida inahusu mtu mwenye hasira: "He stormed out of the tent."

Barafu mpaka Uhuru: kuganda na theluji

Kiswahili kina barafu kwa vyote vilivyoganda, iwe ya kwenye friji au ya mlimani. Kiingereza, "ice" ni kile kigumu kinachoteleza. Haishuki angani, kwa hiyo husemi "It's icing." Unasema "There's ice on the rocks" au "The path is icy." Kitenzi cha kuganda ni "freeze", na kinabadilika vibaya: "freeze, froze, frozen". "It froze last night." "The water has frozen."

"It's freezing" ina maana mbili. Mara nyingi mgeni anamaanisha tu kuna baridi kali sana. Mwongozaji akiisema usiku wa kupanda, lazima aongeze kitu ili ieleweke ni kuganda kweli: "It's below freezing. Your water will freeze. Carry the bottle upside down." Maji huanza kuganda juu, kwa hiyo chupa ikigeuzwa barafu inajenga upande wa kitako na mdomo unabaki wazi. Hiyo sentensi ndefu ikariri yote pamoja.

Sasa tumerudi kwenye theluji. Nomino haihesabiki: "some snow", "deep snow", "fresh snow", kamwe si "a snow" wala "snows" kwa kazi yetu. Chembe moja ni "snowflake". Kitenzi ni cha kawaida: "It snows, it snowed, it has snowed, it will snow." Tazama jinsi vinavyopokezana: "It snowed last night, so there is fresh snow this morning." Usiku lilikuwa tendo, asubuhi limekuwa kitu cha kukanyaga. Ukiweza kuisema hiyo sentensi moja bila kufikiri, "rain" na "hail" zitakufuata zenyewe.

Mazoezi ninayowapa ni ya redio. Nakaa chumba kimoja, mwanafunzi chumba kingine, nampa taarifa kwa Kiswahili, naye ana mgeni wa kuigiza mbele yake. Jaribu na wewe, ukifunika majibu kwa mkono.

Mvua imenyesha usiku kucha na njia ina tope: "It rained all night and the path is muddy."

Ukungu mzito hapa Barranco, subirini kidogo: "There's thick fog at Barranco. Let's wait a little."

Manyunyu yameanza: "It has started to drizzle."

Upepo mkali Stella Point lakini anga safi: "It's very windy at Stella Point, but the sky is clear."

Kuna theluji juu.

Hii ya mwisho naisema hivyohivyo, fupi, kama nilivyoambiwa mimi. Anayekimbilia kumjibu mgeni, namrudisha aanze upya. Anayeijua kazi anabonyeza redio kwanza, ananiuliza: "Imelala au inaanguka?"